Msisikilize Machozi Yetu, Sikilizeni Mkono wa Kushoto

Ndugu zangu wa kundi, na ninyi wa mashirika mnaotusoma humu, leo siandiki kitu cha kufurahisha. Nimekaa na hasira hii tangu tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, na nimeona nisipoitoa hapa itanioza tumboni.

Wengi wenu mlikuwepo. Kuna binti wa kwaya yetu, ana miaka 15, jina lake silitaji. Alipiga Preludi ya 4 ya Chopin, ile ya opus 28. Ni ukurasa mmoja tu, vipimo 25, yaani vile vyumba vidogo vinavyotengwa na mistari ya kusimama kwenye karatasi ya nota. Aliifanyia kazi miezi minne. Alipomaliza watu walisimama. Mama mmoja mgeni, mtu mwema kabisa sina neno naye, alimshika mikono yote miwili huku machozi yanamtoka, akamwambia kwa mkalimani kwamba ameisikia safari yake yote ndani ya ule muziki.

Safari gani? Huyu mtoto alizaliwa hapahapa Nakivale. Safari ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri ni ya kwenda Mbarara kung'olewa jino.

Usiku ule akaja kwetu. Mama akampa chai, hakuigusa. Akaniuliza: "Yaya, kwani hawakusikia?" Nikajua anasema nini. Kwenye vipimo vya 16 mpaka 18, pale Chopin alipoandika stretto, maana yake kaza mwendo, mkono wake wa kushoto uliteleza. Ulikimbia, ukajikwaa, ukaruka akodi mbili nzima. Yeye akafunga macho, akatingisha kichwa taratibu, mpaka mkono ukaona njia. Mimi nilisikia. Yeye alisikia. Chini ya lile hema hakuna mwingine aliyesikia, ama waliosikia walidhani hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Mtoto kakosea, watu wamelia kwa ajili ya kosa lake, na sasa hajui kama siku akipiga sawasawa kutakuwa na tofauti yoyote.

Ndiyo maana naandika. Kuna usemi umekuwa kama sheria kwenye hizi sherehe zetu: mkimbizi akipiga ule muziki wa zamani wa Ulaya, kinachosikika ni maumivu yake. Ati sisi hatuhitaji kufundishwa kupiga kwa hisia, tayari tunazo nyingi. Mimi nasema huo ni uongo, tena uongo wenye sura ya sifa, na unatunyima kitu tunachokihitaji kweli.

Tuanze na chombo chenyewe. Piano ni mashine. Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, aliitengeneza mnamo mwaka 1700, kwa sababu vinanda vilivyotumika sana wakati ule vilikuwa vinadonoa nyuzi, na ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole sauti ilikuwa ileile. Yeye akaweka nyundo. Ukibonyeza kibao, nyundo inarushwa, inagonga waya, inarudi. Ikisharudi, huna la kufanya tena na ile sauti isipokuwa kuiacha ife polepole au kuikata. Unaweza kutikisa kidole juu ya kibao mpaka jasho likutoke, waya haujui. Unaweza kulia, waya haujui. Kilicho mikononi mwako ni hiki tu: kibao kinashuka kwa kasi gani, kinashuka saa ngapi hasa, kinakaa chini muda gani, na mguu unafanya nini kwenye pedali. Kila kitu tunachokiita hisia kwenye piano kinapita kwenye mlango huo mwembamba. Mtu aliyepoteza kila kitu na mtu ambaye hajawahi kupoteza hata ndala, wote wanapita hapohapo.

Chukueni hiyo Preludi. Mkono wa kulia karibu haufanyi kitu. Si, do, si, do, kama mtu anayetaka kusema neno halafu analimeza. Kazi yote iko kushoto: akodi nane katika kila kipimo, sauti tatu pamoja, zinashuka nusu-sauti kwa nusu-sauti. Lakini hazishuki zote kwa pamoja! Mara nyingi ni kidole kimoja tu kinachoshuka, vingine vinangoja. Halafu zamu ya kingine. Ukizipiga zote kwa uzito mmoja, unapata mashine ya kusaga. Ukijua ni kidole gani kinahama, ukakipa uzito kidogo kuliko wenzake, msikilizaji anasikia ngazi inateremka hata kama hajui anasikia nini. Huzuni ya kile kipande imejengwa hapo. Mwishoni kabisa, baada ya akodi moja ngeni, Chopin ameweka kimya, na juu ya kile kimya ameweka alama ya kusubiri. Baada yake ni akodi tatu za sauti ndogo sana, kimekwisha. Kile kimya kina urefu wake. Kikiwa kifupi, zile akodi tatu zinakuwa kama mtu anayefunga duka haraka. Kikiwa kirefu mno, watu wanaanza kupiga makofi kabla hujamaliza. Binti yetu alikijaribu mara nyingi mno, mpaka majirani wakauliza kama kinanda kimeharibika.

Hayo ndiyo ya kuzungumza. Hakuna aliyemuuliza hata moja. Waliuliza wazazi wake walitoka kijiji gani.

Na kinanda chenyewe mnakijua. Vibao 61, cha kanisa, na hakijali nguvu ya kidole. Ukigonga au ukipapasa, sauti ni moja. Kwa hiyo tumerudi nyuma ya Cristofori, tuko na vile vinanda vya kudonoa nyuzi. Je, inamaanisha hakuna hisia? Wapiga vinanda wa Ufaransa waliishi na shida hiihii. François Couperin aliandika kitabu kizima mwaka 1716 juu ya namna ya kukigusa kinanda, na humo anaeleza vizuri: chombo hakiwezi kukuza wala kupunguza sauti, basi tumia muda. Ichelewesha nota kidogo tu, sikio litadhani imekuja na uzito. Ikate mapema, sikio litadhani imelainika. Sisi tulifanya hivyo. Akodi za kushoto tulizifupisha kidogo, zikawa zinapumua, wimbo wa mkono wa kulia ukapata nafasi ya kuelea juu yake. Hii ni ufundi wa zaidi ya miaka 300, umefanyika Nakivale kwenye kinanda kilichoazimwa, na hakuna aliyeuona kwa sababu kila mtu alikuwa anamtazama usoni.

Najua jibu litakalokuja. "Lakini Chopin mwenyewe alikuwa mkimbizi, si ndiyo maana anatugusa?" Nimelisikia mara nyingi, hata kwenye risala.

Haya, tumwangalie Chopin. Aliondoka Warsaw Novemba 1830 akiwa na miaka 20, kwenda kupiga muziki nje. Wiki chache baadaye nchi ikaasi dhidi ya Warusi, mwaka uliofuata uasi ukavunjwa, na hakurudi tena mpaka akafa Paris mwaka 1849. Maisha haya tunayajua. Lakini angalieni alikuwa anafanya nini huko Paris: alikuwa anafundisha. Hicho ndicho kilichomlisha. Na alichofundisha si machozi. Mwanafunzi wake Karol Mikuli ameandika kwamba metronomu haikuondoka juu ya piano ya mwalimu wake. Wanafunzi wake wanakubaliana kwamba mkono wa kushoto aliuona kama kiongozi wa kwaya: unashika mwendo, haupepesuki, ili wa kulia uweze kuimba kwa uhuru, uchelewe, uwahi, urudi. Huo ndio rubato ambao watu wanaufanya kisingizio. Aliwatuma wanafunzi kwenda kuwasikiliza waimbaji wa opera wajue pumzi inavutwa wapi. Na akikaribia kupiga hadharani, alijifungia na kupiga Bach.

Kama rubato inawachanganya, wekeni rumba ya zamani ya Kinshasa, mtaelewa kabla wimbo haujaisha. Gita la ritimu linatembea palepale, ngoma haimngojei mtu, na mwimbaji anakuja nyuma ya pigo kama mtu asiye na haraka. Ngoma ikianza nayo kuchelewa ili imsubiri, wimbo umekufa. Sisi Wakongo kitu hiki tunakijua toka tumboni mwa mama, halafu tukikaa kwenye kinanda mbele ya wageni tunasahau, tunayumbisha mikono yote miwili tukidhani ndiyo uchungu.

Tena Chopin hakupenda kubandikiwa hadithi. Mchapishaji wake wa London alizoea kuweka majina ya kuvutia kwenye vipande vyake ili viuzike, na yeye ilimkera. Ile etudi watu wanayoiita ya Mapinduzi, jina hilo si lake. George Sand, mwanamke aliyeishi naye, anasimulia kwamba huko kisiwani Majorca alimwambia muziki aliokuwa anaupiga unafanana na matone ya mvua, naye akachukia kuambiwa kwamba anaiga sauti za nje. Mtu huyu angeona maelezo mnayoyaweka chini ya video zetu, sijui angesemaje.

Basi, je, nchi yake haikuwemo kwenye muziki? Ilikuwemo! Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Mazurka ni ngoma ya Poland, inahesabiwa tatu. Mpiga piano Charles Hallé alimsikia Chopin akipiga mazurka zake, akamwambia, wewe unapiga kama nne. Chopin akakataa. Hallé akahesabu kwa sauti huku mwenzake anapiga, na hesabu ikaja nne kweli. Chopin akacheka, akasema ndivyo ngoma ya kwao ilivyo. Meyerbeer, mtunzi mkubwa wa opera, naye aliwahi kumwambia jambo la namna hiyo, yeye akasema ni mbili, na safari hiyo Chopin alikasirika vibaya. Mmeona nchi ilikuwa imekaa wapi? Ilikaa kwenye urefu wa pigo moja, kitu ambacho unaweza kukipima, kubishania, hata kugombana nacho. Mtu wa kwao angekitambua, wa nje alihesabu akachanganyikiwa. Hakikuwa usoni.

Kwa hiyo msiniambie nasema maisha yetu yabaki nje ya mlango. Yanaingia. Yanaingia kama Mpoland huyu alivyoingiza ya kwake, kwa kuwa tumesikia ngoma fulani tangu utotoni na mkono umezoea kukaa hapo. Lakini hayo anayasikia mtu anayesikiliza.

Sasa nigeuke upande wetu, maana naona vijana wenzangu mmeshaanza kunipigia makofi. Ngojeni kwanza.

Mwaka juzi mimi mwenyewe nilialikwa na shirika moja nipige mbele ya wafadhili. Nilichagua Preludi ya kwanza ya Bach, ile inayofungua kitabu chake cha mwaka 1722. Ni kipande chepesi rohoni, kama maji yanayotembea, hakina msiba wowote. Na kitabu chenyewe Bach aliandika ukurasa wa mbele kwamba kimetungwa kwa faida ya vijana wenye hamu ya kujifunza muziki. Yaani kilikuwa chetu. Wakaniomba kwanza nisimulie jinsi tulivyokimbia. Nikasimulia. Halafu nikapiga, na nawaambia ukweli: nilifunga macho makusudi. Nilipunguza mwendo kila mwisho wa kipimo, jambo ambalo Bach hakuandika na kipande hakiombi, kwa sababu niliona mtu wa mstari wa mbele ametoa kitambaa. Video ilipotoka ilikuwa sekunde 40. Muziki uko chini, juu yake sauti yangu inasimulia barabara ya usiku. Jina la Bach halikuwepo. Maelezo yakasema ni sauti ya huzuni.

Niliwalaumu sana. Lakini nani aliwapa huzuni hiyo? Mimi. Niliwauzia.

Na ndivyo tunavyofanya wengi. Tumejifunza kwamba kutingisha kichwa kunalipa kuliko kupiga skeli. Kijana hajui vidole vinakaa vipi, ukimrekebisha anakwambia "mimi napiga na roho." Roho gani isiyojua nota inayofuata? Chopin alikuwa akiwaanzisha wanafunzi kwa vidole vitano tu: mi, fa dizi, sol dizi, la dizi, si, vidole virefu juu ya vibao vyeusi, kwa sababu hivyo ndivyo mkono unavyokaa bila kujikaza. Jaribuni leo, dakika tano. Wengi wenu mkono umekakamaa mpaka begani halafu mnashangaa sauti ni ngumu. Na yeye hakutaka vidole vyote viwe na nguvu sawa, alitaka kila kimoja kitumike kwa tabia yake. Hiyo ni siri kubwa kuliko kufunga macho, na ni ya bure. Nota za Chopin na Bach pia ni za bure kwenye intaneti, bando ya siku moja inatosha.

Kule nyumbani Kongo kuna mfano ambao mnaujua nusu. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, ambaye kazi yake ilikuwa urubani. Filamu ya Wajerumani ya mwaka 2010 iliwatembeza dunia nzima. Muulizeni mtu yeyote wa mashirika anakumbuka nini: waya za breki za baiskeli walizofunga kwenye violini nyuzi zilipokatika. Kila mtu anakumbuka waya! Walipiga Simfoni ya 9 ya Beethoven, kazi ambayo okestra zenye mishahara na viyoyozi zinaiogopa, na sijawahi kukutana na mtu aliyeniambia waliipigaje. Kwaya iliingia pamoja? Mwendo ulishikika? Watu wale walifanya mazoezi usiku baada ya kazi za mchana ili waulizwe maswali hayo. Wakapewa waya.

Kuna dada mmoja wa shirika, namheshimu, alinijibu nilipomweleza haya: "Lakini tukianza kukosoa, hawa watoto wataumia." Dada, nakuelewa. Lakini binti wa mwalimu wa muziki huko kwenu anakosolewa kila wiki na wazazi wake wanalipia. Wanalipia kukosolewa! Wanajua anayekosolewa ni yule anayetegemewa kufika mahali. Asiyekosolewa ni mgeni, au mgonjwa, au marehemu. Sisi ni kipi kati ya hivyo?

Ninachoomba si kikubwa. Kwenye ratiba ya sherehe ijayo andikeni jina la kipande na la aliyekitunga, kama mnavyoandika jina la mgeni rasmi. Msimwombe mtoto asimulie vita kabla ya kupiga. Akitaka kusimulia atasema mwenyewe, siku yake. Kile kinanda kina tundu la pedali nyuma, limejaa vumbi miaka yote hii, na pedali ya kuchomeka pale ni bei ya fulana chache tu kati ya zile mlizotuchapishia. Mkituletea mtu anayejua piano hata kwa saa mbili kwa mwezi, hata kwa simu ya video, akaja kutuambia "hapo umekosea, rudia," tutamkaribisha kama mkwe.

Na ninyi wa kundi, Jumamosi ijayo hakuna kurekodi. Simu mfukoni. Kila mmoja anapiga mkono wa kushoto peke yake, wenzake wanahesabu kwa sauti, kama Hallé.

Binti yetu amerudi kwenye vipimo vya 16 mpaka 18. Anaanza saa kumi na moja jioni, anaacha betri ya sola inapozimika. Kushoto tu, polepole, mara kumi, halafu pamoja na wa kulia. Jana alipita bila kujikwaa mara tatu mfululizo, ya nne akakimbia tena. Nyumba iko nyuma ya kanisa, mlango hatufungi. Ukipita ingia, kaa kwenye benchi, na mkono wa kushoto ukichelewa mwambie.